Kichaa cha ng'ombe: sheria ianzie kwenye mashine ya kusaga chakula

Ukimtajia mfugaji wa Machame au Kibosho, mkoani Kilimanjaro, sheria za kudhibiti kichaa cha ng'ombe, atakuuliza huyo ng'ombe kichaa kaonekana wapi. Ana haki ya kuuliza. Ugonjwa huo, unaoutoboa ubongo hadi ukafanana na sponji, haujaripotiwa Tanzania. Ng'ombe wake mmoja au wawili wamo bandani kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, wanakula majani ya migomba, matete na pumba. Kinachomnyima usingizi ni ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, na ugonjwa wa kiwele.

Longido na Monduli, mkoani Arusha, hoja ni nzito zaidi. Wafugaji wa huko wana ugonjwa wao wa ubongo, ormilo: mbuzi au kondoo anazunguka palepale, kichwa kimelala upande, hata kundi likiondoka yeye yumo tu kwenye duara lake. Ndani ya fuvu mna kifuko cha maji chenye mabuu ya tegu, na tegu huyo hutoka kwa mbwa. Sheria inayohangaika na maradhi ya Ulaya huku mbuzi wao wanazunguka wanaiona ya watu wa ofisini.

Nawaelewa. Lakini upande wa pili husikilizwa vibaya, kwa sababu wengi wakisikia sheria hizi wanawaza ng'ombe wanaochomwa moto kwa maelfu. Kiini chake ni jambo dogo zaidi: ng'ombe asilishwe mabaki ya ng'ombe.

Uingereza iliutambua ugonjwa mwaka 1986, na Julai 1988 ikapiga marufuku kuwalisha wanyama wanaocheua unga wa nyama na mifupa ya wenzao. Hadithi ingeishia hapo. Haikuishia. Kati ya ng'ombe zaidi ya 180,000 waliothibitishwa kuugua nchini humo, zaidi ya 40,000 walizaliwa baada ya marufuku hiyo. Hebu fikiria: ng'ombe zaidi ya arobaini elfu ambao, kwa mujibu wa karatasi, hawakupaswa kuuonja kabisa ule unga. Waliupata wapi? Kiwandani. Unga ule uliendelea kuruhusiwa kwa nguruwe na kuku, na chakula chao kilipita kwenye mitambo na malori yaleyale ya chakula cha ng'ombe. Vumbi lililobaki kwenye kona lilitosha. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba hata miligramu 1 ya ubongo wenye ugonjwa inaweza kumwambukiza ndama. Mwaka 1996 unga huo ukaondolewa kwa mifugo yote, na leo visa ni vya nadra sana.

Sasa ingia kwenye duka la vyakula vya mifugo pale Moshi, lolote lenye mashine yake. Linachanganywa gunia la kuku wa mayai: dagaa, damu iliyokaushwa, mifupa iliyosagwa, mashudu ya alizeti. Likiisha, kijana anapitisha ufagio mara mbili, kisha pumba na mashudu ya ng'ombe wa maziwa vinamiminwa mlemle, kwa chepe lilelile. Mwenye duka hana nia mbaya. Mashine anayo moja tu.

Utasema: ugonjwa haupo, vumbi lina shida gani? Shida ni kwamba upo wa aina inayojizukia yenyewe kwa ng'ombe wazee, bila kula chochote kibaya. Brazil ilipata visa viwili vya namna hiyo mwaka 2021, na China ikafunga mlango wa nyama yao kwa miezi kadhaa. Barani kwetu, watafiti waliripoti mwaka 2018 ugonjwa wa jamii hiyohiyo kwa ngamia wa machinjio ya Ouargla, Algeria. Ng'ombe mmoja wa hivyo akifa na kuzikwa, yameisha. Mifupa yake ikirudi kwenye mashine, hayajaisha, na mtu atajua miaka minne au mitano baadaye, kwa kupima shina la ubongo la mnyama aliyekwisha kufa.

Kumlazimisha mwenye duka anunue mashine ya pili ni kumfungisha biashara. Siku ya ng'ombe na siku ya kuku zikitenganishwa, na mashine ikasafishwa katikati, hatari inapungua sana. Mifupa inayotiwa kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa iwe imechomwa hadi jivu jeupe, ile iliyokaushwa juani isiguswe. Supu ya kichwa, ambayo Ulaya wasingeiruhusu kwa fuvu la ng'ombe aliyezidi miezi 12, mimi ningeiacha Arusha ilivyo. Ila kichwa cha mbuzi mwenye ormilo kichomwe au kifukiwe, mbwa asikifikie. Hapo hata mfugaji wa Longido anapata chake kwenye kanuni hizihizi.

Tuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na nyingine ya malisho na vyakula vya mifugo ya mwaka 2010. Ninachokitafuta kwenye kanuni yoyote itakayotungwa chini yake ni fidia. Mwaka 1988 Waingereza walimlipa mfugaji nusu ya thamani ya ng'ombe aliyethibitika kuugua, wakaja kulipa yote mwaka 1990. Mama wa Kibosho mwenye ng'ombe mmoja, akiambiwa atapewa nusu, hatampigia bwana mifugo. Atamwita mchinjaji usiku uleule.