Jua tunalo, fundi yuko wapi?

Mwezi uliopita nilikaa siku mbili kwa mjomba wangu Selela, mbele ya Mto wa Mbu, nikitafuta kilichoua sola yake. Paneli ya wati 150 iko juu ya bati, nzima, haina hata ufa. Betri ndiyo iliyokufa, tena ya pili ndani ya miaka mitatu. "Vitu vya Kichina hivi, mjomba," akaniambia. Nikapanda juu, nikaufuata waya.

Waya ndio ulioua betri. Aliyefunga alitumia milimita 1.5, ule wa taa za nyumbani, akauvuta mita 20 hadi chumbani. Sola ya volti 12 si kama umeme wa Tanesco: volti zikiwa chache, ampea huwa nyingi, na waya mwembamba unazila volti njiani. Ampea 8 zikipita kwenye waya ule, karibu volti 4 kati ya 18 za paneli zinapotea. Zinazobaki, kama 14, hazitoshi: betri ya volti 12 huhitaji zaidi ya hizo ili ijae. Na betri ya maji ikikaa wiki baada ya wiki bila kujaa, bamba zake huota ukoko mgumu wa salfeti, ikawa ndiyo basi. Waya wa milimita 6 ungeiokoa. Niliutafuta Mto wa Mbu nikaukosa, ikabidi niagize Arusha mjini, zaidi ya kilomita 100, ukaja na konda wa basi.

Kijana aliyefunga simlaumu. Alijifunza kwa kumtazama mwenzake, na hakuna aliyewahi kumpa mita ya kupimia umeme mkononi. Ninachopinga ni namna tunavyopiga bei ya sola: tunahesabu paneli na betri, fundi na vipuri tunawaacha nje. Miradi mingi inakuja hivyo hivyo. Paneli zinashushwa, picha zinapigwa, halafu chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, ikiungua hakuna fungu la kumlipa mtu arudi.

Vifaa navyo vinatoka mbali. Zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli duniani uko China. Shaba ya Zambia na Congo inapita Tunduma kwenye malori hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha tunainunua ikiwa waya. Kinywe (grafaiti) cha Mahenge na nikeli ya Kabanga ni malighafi za betri, nami naungana na wanaotaka zichakatwe hapa nchini. Lakini kiwanda kitachukua miaka. Fundi tunaweza kumwandaa mwaka huu huu.

Pa kuanzia papo. Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani. Ningependa kuona kozi ya wiki mbili au tatu kwa hawa ambao tayari wako juu ya mabati ya Monduli na Longido, ilipiwe na fedha za miradi yenyewe, na kila anayemaliza aondoke na mita yake.

Nilimwita yule kijana tukavuta waya mpya pamoja. Alipima wa zamani, akapima mpya, akarudia kupima mara tatu bila kusema neno. Kisha akaniuliza mita kama ile inauzwa wapi. Nikamwachia.