Mimi Rais, Wao Wazee

Jamani, tuanze na ile habari iliyozagaa Mbagala kwamba nimekuwa Rais huko Congo. Chimbuko lake ni mke wangu. Alimwambia jirani, "Mzee wangu kaitwa Kinshasa, anakwenda kuwa Rais." Hakumalizia kwamba ni rais wa misheni, wa kulea vijana wamisionari wa kanisa letu, la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwa miaka 3. Siku ya safari walikuja watu 14 kutusindikiza uwanja wa ndege, wawili wakiwa na bahasha za kuwaombea watoto wao kazi.

Basi Rais mwenyewe ndiye huyu. Ikulu yangu ina ndoo 9 za maji zilizopangwa kwenye korido, kwa kuwa bomba linatoka likijisikia.

Na hao vijana ninaowalea, mnajua wanaitwaje? Wazee. Sitanii. Kanisani kwetu mvulana wa miaka 18, ndevu bado zinajiuliza, akishavaa shati jeupe na kibandiko cha jina kifuani, ni Mzee. Mimi mwenye mvi, goti linaloimba kila ngazi, ndiye ninayempigia simu: "Mzee, umeshusha chandarua?" "Mzee, hiyo soksi umeivaa tangu lini?" Wiki iliyopita Mzee mmoja alilia sebuleni kwangu mpaka mke wangu akamkaangia mayai, kisa mama yake hakupokea simu. Zamani walipiga nyumbani mara 2 tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Tangu 2019 wanaruhusiwa kila wiki. Nilidhani machozi yangepungua. Kumbe yamepangiwa ratiba.

Kanuni kubwa ni wawili wawili. Sokoni wawili, kwa kinyozi wawili, mmoja akiumwa jino mwenzake naye anashinda hospitali. Na anayewaoanisha ni mimi, mbele ya ubao wa picha na sumaku, kila wiki 6. Mshenga asiyepewa hata soda! Safari hii nilimweka kijana wa Antananarivo, Madagaska, anayekula wali asubuhi, mchana na jioni, na kijana wa Kananga, hukuhuku Congo, ambaye kwake mlo usio na fufu, ugali wa kwao, ni kionjo. Siku ya nne wakanifikia na shauri. Sufuria ni moja. Nikakumbuka Sulemani, nikawaambia tuikate vipande viwili. Wakatazamana, wakasema sawa, Rais, msumeno uko wapi? Ikabidi ninunue sufuria.

Halafu lugha. Nilikuja nikitamba, kwamba Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa la Congo, nitahangaika na nini? Kweli ni lugha ya taifa, ila wenyewe wako mashariki, Goma, Bukavu, na kusini kule Lubumbashi. Kinshasa ni Kilingala. Fundi wa bomba nilipomuuliza atakuja lini, akajibu, "Lobi." Nikamuuliza Mzee wangu wa Lubumbashi lobi ni nini.

"Kesho, Papa."

Nikashukuru.

"Ao jana."

Neno hilohilo moja! Nimekaa siku 5 sijui kama fundi anakuja au alishakuja. Kuna asubuhi niliinama chini ya sinki na tochi kukagua, pengine alipita sikumwona.

Kitu kimoja tu cha mji huu nakionea wivu. Mwaka 2013 waliweka maroboti ya kuongoza magari njia panda, majitu ya alumini yanayotumia umeme wa jua, kazi ya mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi. Roboti linainua mkono, magari yanasimama, teksi kwa malori. Mimi nikiinua mkono kikaoni, Mzee wa mstari wa mbele ananiuliza kama nina swali.

Usingizi nao niliuacha Dar. Kule wako mbele yetu kwa saa 2, kwa hiyo jirani akiamka saa kumi na mbili na kukumbuka bahasha yake, hapa ni saa kumi alfajiri. "Mheshimiwa, ile kazi ya kijana imefikia wapi?"

Ndiyo maana jana simu ilipolia saa tano usiku, wakati Wazee wote wanatakiwa wawe wamezima taa saa nne na nusu, nilijua ni Mbagala. Kumbe ni Wazee wangu wa Masina, hapahapa Kinshasa.

"Rais, tuna tatizo."

Moyo ukanishuka hadi kwenye lile goti. Malaria? Polisi?

"Kuna mama ametuzawadia kuku. Mzima. Yuko bafuni."

Nikawaambia wamchinje kesho, waniachie paja. Kimya.

"Rais, tumeshampa jina."

Haya, mfugeni. Nilitaka kulala. Kimya kingine, na minong'ono, nikajua wanasukumana nani aseme.

"Lakini Rais, sisi tunashinda nje kutwa. Yeye atabaki peke yake. Na wewe ulisema wawili wawili."

Upande wa pili wa kitanda, mke wangu aliyejifanya amelala alianza kutikisika na shuka zima.

Leo ameamkia sokoni kumtafutia mwenza. Nimemsisitizia asije akaniletea jogoo. Aliyeko bafuni ni tetea, na kanuni zetu hazichanganyi.