Jiko la kuni chini ya matundu ya hewa

Pita jioni katika mitaa mipya ya Wakiso au Mukono, karibu na Kampala, hapa Uganda. Utaona nyumba nzuri ya matofali, madirisha ya vioo, paa la vigae, na nyuma yake jiko la kuni limeegemezwa kwenye ukuta uleule wa chumba cha watoto. Juu ya dirisha la chumba hicho pana matundu ya hewa, na moto uko chini yake, kwa hiyo moshi huingia ndani. Kwa maoni yangu anayepaswa kuulizwa hapa ni fundi na mchora ramani, si mama anayepika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Sisi Waganda wengi wetu bado tunapikia kuni na makaa, na gesi haitafika kila jiko kesho. Basi tuujengee moshi njia ya kutokea.

Dawa ambayo watu huikimbilia ni kuziba matundu kwa gunia au maboksi. Naipinga kabisa. Ikija baridi ya Kabale, mtu huingiza sigiri ya makaa chumbani apate joto, na kama matundu yamezibwa, kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye makaa, hujaa humo. Haina rangi wala harufu, na aliyelala huenda asiamke. Wavu wa mbu nao hausaidii, kwa kuwa chembe za moshi ni ndogo mno, zinapenya.

Ushauri mwingine ni kuliweka jiko upande ambao upepo unaelekea, ili moshi uende mbali na nyumba. Ni mzuri, lakini kwetu tulio karibu na ziwa hautoshi. Entebbe mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Jiko lililowekwa vizuri kwa chakula cha mchana linaweza kuvutia moshi ndani wakati wa maharagwe ya usiku.

Kwa hiyo mimi nasisitiza dohani, yaani bomba la kutolea moshi, tena ndefu. Siku hizi naona bomba linatoboa ukuta na kuishia chini ya upenu, mahali hasa yalipo matundu. Hilo limehamisha moshi kutoka jikoni kwenda chumbani, basi. Dohani ipite juu ya paa, na mdomo wake uzidi kwa sentimita 60 hivi kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Bomba la bati lisiguse mbao za paa, maana huwaka. Masizi yaondolewe kabla hayajaziba njia. Na kuni zikaushwe chini ya kivuli cha mabati kwa miezi kadhaa. Mkaratusi mbichi hutoa moshi ambao hata dohani nzuri itashindwa nao.

Wenye jiko ndani ya nyumba na feni ya kufyonza hewa chooni au jikoni wana tatizo lao. Feni ikitoa hewa, lazima nyingine iingie kuchukua nafasi yake. Madirisha yakiwa yamefungwa, hewa hiyo hushuka kupitia dohani, ikirudisha moshi sebuleni. Fungua dirisha lililo karibu na jiko kabla ya kuwasha feni, au izime mpaka moto utulie.

Kinachonisikitisha zaidi ni nyumba za kupangisha tunazoziita mizigo, vyumba sita au kumi chini ya paa moja, kuta zikiishia kabla ya kufika kwenye mabati. Jirani akiwasha sigiri mlangoni, moshi huingia kwake, hupanda, kisha huteremka kwa kila mpangaji, mwenye kichanga na mwenye pumu. Mpangaji hana la kufanya hapo. Mwenye nyumba anaweza kupandisha kuta mpaka juu na kujenga jiko la pamoja lenye dohani, mbali na milango. Kamati za ujenzi zinazopitisha ramani zimuulize swali hilo kabla hazijagonga muhuri: wapangaji watapikia wapi, na moshi utatokea wapi?