"Alitambuliwa kwa meno." Kwani meno yana majina?

"Mwili uliungua vibaya, lakini ukatambuliwa kwa meno." Kila ajali kubwa, sentensi hiyo haikosi kwenye habari, na kila mara inaishia papo hapo, kana kwamba gego limechongwa jina la mwenyewe na kazi ya mtaalamu ni kulisoma tu. Kwenye tamthilia ndiyo usiseme: fuvu mezani, kompyuta inalia, jina hilo!

Kinachomtaja marehemu ni faili aliloandika daktari wa meno siku mtu huyo alipokuja akiwa hai, shavu limevimba. Pasipo faili, una meno 32 mazuri ya mtu usiyemjua.

Na mafaili yenyewe sasa! "Jino limezibwa." Lipi? Jino lina nyuso tano, ni upande upi? Limezibwa kwa amalgamu, ile ya madini yenye zebaki, au kwa resini ya rangi ya jino, ambayo mchunguzi asipomulika taa ya urujuanimno anaweza kuipita bila kuiona? Mwingine anaandika "18 limeng'olewa" na kufunga faili kwa raha zake. Kwa hesabu ya FDI, shirikisho la kimataifa la madaktari wa meno, 18 ni gego la mwisho, juu kulia. Kwa hesabu ya Marekani, ya 1 hadi 32, 18 ni gego la pili, chini kushoto. Kosa hilo si dogo. Jino lililokuwepo kwenye faili na sasa halipo lina maelezo: liling'olewa baadaye. Zima likikutwa limezibwa, hali kadhalika. Ila jino lililoandikwa kuwa limeng'olewa, halafu kwenye taya ya maiti limesimama wima, halielezeki, huyo siye. Tofauti moja ya namna hiyo inafuta mifanano kumi. Kwa hiyo marehemu mwenyewe anakataliwa, anarudishwa kwenye jokofu, na ndugu wanaambiwa waendelee kusubiri, kwa sababu mtu mmoja hakutaja anahesabu kwa mtindo gani.

Eksirei inaokoa mengi, maana haina mwandiko. Hata kinywa kisichowahi kuzibwa kina mizizi iliyopinda kwa namna yake. Lakini picha ya maiti sharti ipigwe kwa pembe ileile ya picha ya zamani. Ukiinamisha mashine kidogo tu, umbo la kilichozibwa linabadilika. Na filamu za zamani zina kidoti kilichotuna pembeni. Kikimtazama msomaji, anaona kinywa kana kwamba amesimama mbele ya mgonjwa. Ukiigeuza filamu, kushoto kunakuwa kulia, na umeshapata mtu mwingine.

Moto nao. Enameli, gamba la nje la jino, ni ngumu kuliko kitu chochote mwilini, sawa, ila ikiungua sana inabanduka kwenye dentini, tabaka lililo chini yake, na jino ukiligusa linasambaratika. Magego hukingwa na mashavu na ulimi. Ya mbele hutangulia, midomo ikishanywea. Ndiyo maana meno hupuliziwa gundi nyepesi, hata dawa ya kushikiza nywele, kisha kichwa kinafungwa kabla mwili haujanyanyuliwa. Ukibebwa hobelahobela, ushahidi unafika mochwari ukiwa vumbi chini ya mfuko.

Haya, DNA. Nakubali, shingo upande: pasipo faili ndiyo tegemeo, na kiini cha gego chenyewe huweza kuitoa. Lakini nayo inataka cha kulinganishwa nacho.

Na msinichanganyie na alama za meno kwenye ngozi ya aliyeng'atwa, za kumsaka aliyeng'ata. Ngozi inavutika. Ray Krone alitiwa hatiani Arizona mwaka 1992 kwa ushahidi wa aina hiyo. DNA ikaonyesha siye, akatoka 2002.

Meno yanayoweza kubeba jina kweli ni ya bandia. Fundi anazamisha kipande chembamba chenye jina ndani ya resini kabla haijakauka. Kiwe cha chuma cha pua, si karatasi, maana karatasi itaungua. Ni kazi ya dakika chache, na bado wengi hawaifanyi.