Jockin Arputham na milango ya Ngamiani

Jockin Arputham, aliyewaongoza watoto wa Janata Colony, mtaa wa mabanda huko Mumbai, India, wakabebe taka za mtaa wao na kuzimwaga mbele ya ofisi ya manispaa, ndiye huyo huyo ambaye baadaye alikaa meza moja na serikali kupanga uhamisho wa maelfu ya familia zilizojenga kandokando ya reli. Alifariki mwaka 2018, na mpaka leo wanaharakati wa makazi hawajaafikiana juu yake.

Wanaomtetea huanzia mwaka 1976, mtaa wake ulipobomolewa licha ya kesi na maandamano. Hapo, wanasema, alielewa kwamba kelele peke yake haizuii tingatinga, ndipo akawafundisha wakazi kujihesabu wenyewe, kibanda kwa kibanda, na kuweka akiba, ili wafike kwa wakubwa wakiwa na takwimu ambazo ofisi haina. Wanaomlaumu hujibu kwamba mpinga bomoabomoa aligeuka msaidizi wake, na kwamba nyumba mpya ya ghorofani, mbali na kibarua, ni hasara iliyopakwa rangi. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Hata hapa kwetu, wakazi wa Kurasini, Dar es Salaam, walioondolewa kupisha upanuzi wa bandari walijichanga wakapata ekari 30 Chamazi, pembezoni mwa jiji, lakini bandari iliyowapa riziki haikuhama nao.

Mimi naegemea upande wa kujihesabu, ila kwa Tanga nina shaka moja kubwa. Nyumba ya Kiswahili ya mtaa wa Ngamiani ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na choo kimoja uani. Kila mlango una kufuli lake na ndoo yake ya maji, na nyuma ya kila mlango kuna familia. Urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutoa hati kwa maeneo yaliyojengwa bila mpango, huiandika nyumba ya aina hiyo kuwa moja, yenye mmiliki mmoja, na hati humwendea yeye, ambaye pengine hata haishi hapo. Mpangaji, ambaye tangu sheria ya kudhibiti kodi ilipofutwa mwaka 2005 hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja juu yake kwa dalali, haonekani popote kwenye daftari hilo. Mwanaharakati wa Tanga atakayeiga mbinu ya Mumbai bila kuhesabu milango atakuwa amewafanyia kazi wenye nyumba, tena bure.