Aliyeongoza kura Thuringia, akaishia upinzani

Septemba 1, 2024, wapiga kura wa Thuringia, jimbo dogo la mashariki mwa Ujerumani, walikipa chama cha AfD asilimia 32.8 ya kura zao. Tangu Vita vya Pili vya Dunia, hakuna chama cha mrengo mkali wa kulia kilichowahi kuongoza uchaguzi wa jimbo nchini humo. CDU, chama cha kihafidhina, kilifuata kwa mbali, asilimia 23.6. Lakini Desemba mwaka huohuo aliyechaguliwa waziri mkuu wa jimbo ni Mario Voigt wa CDU, kwa muungano na SPD, chama cha demokrasia ya kijamii, na BSW, chama kichanga kilichoanzishwa na mwanasiasa Sahra Wagenknecht. Na AfD hakuna aliyekubali kukaa naye meza moja.

Wafuasi wa AfD wanalia dhuluma. Wengi wape, wanasema, na hapa wengi wamenyimwa.

Tuhesabu basi. Bunge la jimbo, mjini Erfurt, lina viti 88, AfD ina 32. Wengi ni 45. Theluthi mbili ya waliopiga kura hawakuichagua AfD, na wengi wao walichagua vyama vilivyotangaza mapema kwamba havitashirikiana nayo, na hao nao walikuwa na haki ya kusikilizwa. Tena jambo hili si geni huko: mwaka 2014 CDU iliongoza kwa asilimia 33.5, ikaishia upinzani, na Bodo Ramelow wa Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto, akaunda serikali. Hoja ya kuporwa ushindi, kwangu, haisimami.

Wanaotaka AfD itengwe wana hoja nzito zaidi ya hesabu. Idara ya usalama wa katiba ya jimbo ililiweka tawi la Thuringia kwenye kundi la wenye siasa kali mwaka 2021. Kiongozi wake, Björn Höcke, alitozwa faini na mahakama ya Halle mwaka 2024 kwa kutumia kaulimbiu ya SA, wanamgambo wa Hitler. Na Thuringia ina kumbukumbu yake: ni hapo, mwaka 1930, ambapo Wanazi walipata waziri wao wa kwanza katika serikali ya jimbo, Wilhelm Frick, kwa sababu vyama vya kihafidhina vilidhani vingemtumia. Mwaka 2020 Thomas Kemmerich wa FDP, chama cha kiliberali, alichaguliwa waziri mkuu kwa kura za AfD, na ghadhabu ya nchi nzima ikamlazimisha kutangaza kujiuzulu ndani ya siku chache.

Ila kutenga nako kuna gharama, na hapa watetezi wake hupita haraka mno. Muungano wa Voigt ulianza na viti 44, nusu kamili. Ili apitishe chochote AfD ikikipinga, anahitaji Die Linke impe angalau kura moja au ijizuie kupiga kura, nacho ni chama ambacho CDU ilijiapiza mwaka 2018 kutoshirikiana nacho. Ndani ya serikali yenyewe kuna BSW inayopinga kuipa Ukraine silaha, na CDU inayounga mkono. Mpiga kura aliyechoshwa na hali ilivyo akitazama upinzani wenye nguvu anaona chama kimoja tu. Ni zawadi ambayo AfD haikuilipia.

Halafu kuna lile ambalo pande zote mbili hulizungumza kidogo kuliko linavyostahili. Viti 32 ni zaidi ya theluthi moja. Katiba ya jimbo haibadilishwi bila theluthi mbili, na wajumbe wa kamati inayoteua majaji nao huchaguliwa kwa kiwango hichohicho. AfD imefungiwa mlango wa baraza la mawaziri, lakini funguo hizi inazo mkononi. Hata bunge likichoka na hesabu hizi na kutaka kujivunja lenyewe ili wananchi wapige kura upya, theluthi mbili zinahitajika pia.