Mkongo ulishafika, kilichobaki ni bando na simu

Kama unafuatilia mambo ya mtandao ushakutana na namba 1.38. Benki ya Dunia waliitoa 2009, kwamba nchi zinazoendelea, kila watumiaji wa brodibendi, yaani intaneti ya kasi, wakiongezeka kwa pointi 10 za asilimia, ukuaji wa uchumi unapanda kwa pointi 1.38. Ni namba tamu, ndo maana kila semina ya TEHAMA lazima itajwe. Ila ukikaa ukaifikiria, nchi ikipata hela ndo watu wake wananunua intaneti, sasa hapo nani kamvuta mwenzake? Halafu data walizotumia ziliishia 2006, wakati huo huku kwetu Afrika Mashariki tunategemea setilaiti, unalipia dakika kwenye intaneti kafe na nusu ya dakika zako zinaishia kusubiri email ifunguke.

Bahati nzuri kuna ushahidi mzuri zaidi na umetoka hukuhuku. Mkongo wa Seacom, yaani waya wa intaneti wa baharini, ulitua Julai 2009 Mombasa na Dar, mwaka huohuo mkongo wa TEAMS ukaja Mombasa kutokea Fujairah, Falme za Kiarabu, 2010 ukafuata wa EASSy. Watafiti wawili, Jonas Hjort na Jonas Poulsen, wakaangalia nchi 12 za Afrika kabla na baada ya hizi nyaya kutua, wakalinganisha maeneo ambayo mkongo wa nchi kavu unapita na yale ambayo haupiti. Utafiti wao ulitoka 2019. Waliona ajira zimepanda kwa asilimia 3 hadi 13 hivi kutegemea na nchi na data, na sio kwamba kazi zilihama tu kutoka sehemu moja kwenda nyingine, hapana, ziliongezeka kweli. Afrika Kusini kampuni mpya zikafunguliwa kwa wingi, Ethiopia viwanda vilivyokuwepo vikaanza kuzalisha zaidi, kampuni za Kenya na Tanzania zikawa zinauza nje zaidi na kufundisha wafanyakazi wao zaidi. Kilichonishangaza mimi ni kwamba hata watu walioishia darasa la saba walipata, maana wengi tulidhani ni neema ya wenye digrii tu.

Kwahiyo yule anayesema intaneti ni umbea na picha tu, hapo ameshindwa hoja, tuendelee.

Lakini soma vizuri huo utafiti. Kazi zilizoongezeka ni zile zinazohitaji ujuzi, zile za vibarua hazikuongezeka. Na faida imeonekana pale mkongo unapopita, yaani mijini na kando ya njia kuu. Wa kijijini ambako waya haujafika hayumo kwenye hiyo asilimia 13, yeye ndo yule wanayemtumia kupimia kwamba mwenzake wa mjini amepata kiasi gani.

Halafu kuna hili ambalo wapiga debe wa brodibendi huwa wanalipita harakaharaka. Kitu cha kidijitali kilichobadilisha maisha ya watu wengi zaidi Afrika Mashariki ni kutuma pesa kwa simu, na M-Pesa imeanza Kenya Machi 2007, miaka miwili kabla nyaya hazijafika! Haikuhitaji intaneti kwa mteja, unatumia laini yako kwenye kiswaswadu, mnara wa 2G, ule wa zamani wa kupiga na kutuma meseji, unatosha. Tavneet Suri na William Jack walikadiria 2016 kwamba imetoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, kama asilimia 2 ya kaya zote. Sasa mtu akikuambia bila fiber, yaani huo mkongo, hakuna maendeleo, muulize hizo kaya zilitumia fiber gani. Sisemi kwamba fiber haina kazi, mifumo ya mabenki na ya hao hao wa pesa za simu leo inapita humohumo. Nasema tu kilichomgusa bibi kule kijijini kilikuwa rahisi, cha bei ndogo, na kinafanya kazi kwenye simu aliyokuwa nayo tayari.

Rwanda walijifunza kwa gharama. Mwaka 2013 waliingia ubia na KT, kampuni ya simu ya Korea Kusini, ikajengwa 4G ya jumla, kampuni nyingine zinanunua humo kisha ndo zinauzia wateja. Mtandao ukasambaa karibu nchi nzima, ukitazama ramani unapiga makofi kabisa, lakini watumiaji wa hiyo 4G wakabaki wachache kwa miaka, simu zinazoshika 4G bei juu, na ushindani haukuwepo kwa sababu mwenye 4G ni mmoja. 2023 ndo kampuni ya simu ya MTN wakaanza kuwasha 4G ya kwao. Na hili sio la Rwanda peke yake, Afrika kusini mwa Sahara wengi wa wasiotumia intaneti leo wanaishi sehemu ambazo mnara upo kabisa.

Kuna upande mwingine pia, ukishawahamishia watu mtandaoni unakuwa umewaweka roho juu. Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, Tanzania mtandao ukasuasua mpaka ubalozi wa Marekani Dar ukafunga huduma kwa umma siku mbili. Hiyo ni ajali, sawa. Ila Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa, hiyo sio ajali ya baharini. Uganda nao Januari 2021. Anayeuza viatu Instagram, dereva wa bolt, kijana anayefanya kazi za nje kwa laptop, wote hao ni walewale tuliowaambia wajiajiri kidijitali. Huwezi kuchukua 1.38 ukaiweka kwenye hotuba halafu ukazima swichi unapotaka.

Kwa maoni yangu mabishano ya kama brodibendi inaleta maendeleo au haileti yamepitwa, inaleta, ila kwa aliyeunganishwa na anayemudu. Shida ni huko kumudu. Uganda 2018 waliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kutumia WhatsApp na Facebook, 2021 wakaifuta na kuweka asilimia 12 kwenye data, yaani umetoka mlangoni umeingia dirishani. Tanzania Aprili 2021 bei mpya za bando zilipotoka kelele zilipigwa mpaka zikasitishwa fasta, na kelele zile zilikuwa za mama ntilie na bodaboda, sio za wataalamu.

Na simu yenyewe je? Bajeti ya 2021/22 Tanzania ilifuta VAT kwenye simu janja, tableti na modemu ili watumiaji waongezeke, mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa. Mwaka mmoja! Hata wauzaji wa Kariakoo hawajamaliza stoku ya zamani. Ningekuwa mbunge ningeuliza hilo kwanza, kilomita za mkongo wataniambia baadae.